Nukta Mbili Kwanza

Fundi huanza na uzi. Ameupaka unga wa chaki ya bluu, mwanafunzi wake ameshikilia ncha moja kwenye kona ya ukuta, naye ameivuta ya pili hadi karibu na mlango wa bucha. Anaukaza, anaubana katikati kwa vidole viwili, anauvuta kidogo na kuuachia. Pap! Ukuta unabaki na mstari wa bluu ulionyooka kabisa. Anapiga mwingine chini yake, na baina ya mistari hiyo miwili ndipo maneno NYAMA CHOMA yatakaposimama kabla ya jua kuzama.

Ni Jumamosi, mtaani Kiganjo hapa Thika. Nimeketi kwenye kreti ya soda upande wa pili wa njia, kama nilivyofanya Jumamosi nyingi tangu nilipotambua kwamba kazi hii inapungua mbele ya macho yangu. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zimejaa mjini. Ukitaka bango leo, unalipata kabla ya chai ya saa nne, likiwa na picha ya nyama inayong'aa ambayo haikuwahi kuchinjwa Thika wala popote karibu na Thika. Mafundi wa brashi waliobaki mtaani kwetu nawajua kwa sura, tena nawajua wote. Ndiyo maana nakaa na kutazama.

Zamani nilidhani herufi hupimwa kwa rula zikaisha. Sivyo. N na M husimama sawasawa kati ya mistari, lakini O ya CHOMA lazima ipenye kidogo juu na kidogo chini, maana ukiifungia ndani kabisa jicho litaiona imenywea. Kuna pia shida ya Y na A katika NYAMA. Mkono wa Y umeinuka, mguu wa A umetanuka. Ukiziachia nafasi ileile uliyoiacha kati ya N na Y, litatokea pengo kama jino lililong'oka. Kwa hiyo fundi anaisogeza A mpaka iingie chini ya kwapa la Y. Hakuna alama yoyote ya chaki inayomwambia asogeze kiasi gani. Anarudi nyuma hatua tano, anakunja jicho moja, anarudi ukutani.

Brashi yake ni bapa, yenye nywele ndefu kuliko za brashi ya kupaka nyumba. Rangi ya mafuta ameizimua kwa tapentaini hadi inateleza bila kudondoka. Mkono wa kushoto umeshika fimbo yenye kibonge cha kitambaa nchani. Kibonge kimegusa ukuta, na mkono wa kulia umeegemea fimbo ili usitetemeke. Anaposhusha mstari wa N, anashusha na pumzi. Ukitazama vizuri utaona kwamba vidole havifanyi kazi kubwa. Mwendo unatoka begani.

Kisha kuna ng'ombe. Kila bucha lina ng'ombe wake, na huyu wa leo ana mabaka meusi, kichwa kimegeuka kumtazama mteja, kwato moja imeinuliwa kidogo. Fundi alimnakili kutoka kwa mwalimu wake, aliyekuwa akichora kuta za Makongeni, na mwalimu huyo alimtoa kwenye kalenda. Kwa hiyo huyu ni nakala ya nakala ya picha. Hata hivyo kwato ile haikuwapo kwenye kalenda. Mwalimu aliiinua, na mwanafunzi akairithi. Nimeuliza kwa nini.

"Mwalimu, ng'ombe akikanyaga chini miguu yote minne anaonekana amekufa," fundi alinijibu. "Huyu anakuja."

Mtu ambaye ameishi na kunakili maisha yake yote ndiye aliyenifungulia mlango wa jambo ambalo nimelisoma kwa miaka kadhaa: sanaa ya Wachina wa leo, na ugomvi usioisha juu ya kilicho halisi na kilichoigwa ndani yake. Ilitokea hivi. Kati ya mwaka 2009 na 2012, Barabara ya Thika ilipokuwa ikipanuliwa na kampuni tatu za Kichina, fundi alikuwa akichukua vibarua huku na kule kando ya barabara. Siku moja msimamizi Mchina alimpa kipande cha karatasi chenye herufi moja kubwa ya kwao na kipande cha bati, akamwonyesha kwa ishara kwamba anataka ile iwe hapa. Fundi hakujua kuisoma. Aliitazama kama anavyotazama ng'ombe, akaanza na mstari mrefu wa kushoto uliosimama wima, kwa sababu ndio uliokuwa kama nguzo ya nyumba.

Yule msimamizi akamshika mkono. Hakumkaripia. Alichukua kijiti, akaandika mavumbini: nukta ya kushoto, nukta ya kulia, kisha mstari. Akafuta kwa kiatu. Akaandika tena: nukta, nukta, mstari. Halafu akamrudishia brashi.

Fundi aliponichorea herufi ile miaka mingi baadaye, nyuma ya risiti, niliipeleka kwa mwalimu mwenzangu anayeijua lugha. Inasomwa *màn*. Maana yake ni polepole. Ina mapigo 14 ya brashi, na yale matatu ya kushoto, nukta mbili na mstari wake, ni alama ya moyo.

Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha kulizungumzia jambo hili la kurudia kazi ya mwingine, na ni hasara tunapoyachanganya. Kufuatiza ni kupita juu ya mstari wa mwenzako. Kunakili ni kukitoa kitu kilipo na kukiandika mahali pengine bila kukiharibu. Kuiga ni kuchukua mwendo wa mtu. Kughushi ni kitu kingine kabisa: ni kuweka jina lisilo la kweli juu ya kazi ili mwingine aamini uongo. Hapa Kenya tumezoea kuviweka vyote katika kapu moja, tukaviita feki, na kapu lenyewe tukaliita China. Simu ya Mchina, kiatu cha Mchina. Nimeyasema hayo pia, na nimejuta.

Maana Wachina ndio watu walioutafakari mkono unaonakili kwa muda mrefu kuliko wengi wetu. Xie He, aliyeishi yapata miaka 1,500 iliyopita, aliorodhesha kanuni sita za uchoraji, na ya sita inahusu kurithisha kazi za wakale kwa kuzinakili. Wana jina lao la kufuatiza, *mo*, pale unapoweka karatasi nyembamba juu ya kazi ya bwana na kuufuata wino wake. Wana jina jingine, *lin*, pale unapoiweka kazi mbele yako na kuiandika upya kwa jicho. Mwanafunzi hupitia yote mawili, kama mwanafunzi wa fundi wetu anavyojaza vipande vya mabati chakavu kwa herufi S, ambayo ni jeuri kuliko herufi zote.

Kisa kikubwa cha mapokeo hayo ni cha karatasi moja. Mwaka 353, mwandishi Wang Xizhi alikutana na rafiki zake huko Lanting, karibu na mji unaoitwa leo Shaoxing. Walikunywa, wakatunga mashairi, naye akaandika dibaji ya mashairi hayo, herufi 324. Kiungo kidogo cha lugha yao, *zhi*, kimejirudia humo karibu mara 20, na kila mara amekiandika kwa umbo tofauti. Herufi ya kwanza kabisa ni *yong*, daima, ambayo kwa karne nyingi imetumika kuwafundisha wanafunzi mapigo manane ya msingi ya brashi. Inasimuliwa kwamba mfalme Taizong wa nasaba ya Tang aliipenda karatasi ile hata akazikwa nayo. Ilivyo leo, ya asili haipo. Ile inayoheshimiwa zaidi, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kasri mjini Beijing, ni nakala inayohusishwa na Feng Chengsu wa zama za Tang, iliyofuatizwa kwa uangalifu wa ajabu.

Tafakari hilo kidogo. Maandishi yanayopendwa kuliko yote katika ustaarabu mkubwa kama ule yanajulikana kwa sababu watu walikaa chini na kuyanakili. Wangeona aibu kunakili, tungebaki na hadithi tu.

Mwaka 1990, kijana aitwaye Qiu Zhijie, aliyekuwa akisomea sanaa huko Hangzhou, aliamua kuinakili dibaji hiyo mara 1,000. Mtu yeyote mwenye subira angeweza kuliwaza hilo, ila yeye alitumia karatasi moja tu. Alipomaliza mara ya kwanza akaanza ya pili juu ya ileile, na ya tatu juu ya hizo. Baada ya makumi kadhaa karatasi ikawa nyeusi tii. Akaendelea kwa miaka, akiandika weusi juu ya weusi, mkono ukipita njia uliyokwisha kuijua na jicho lisione kitu. Nimeona picha za karatasi hiyo na nimezikodolea macho kwa saa nzima. Watu wengi huisoma kama kilio dhidi ya uzito wa mapokeo, na huenda ni kweli. Mimi, niliyekaa na mafundi, naona pia jambo jingine humo: mwandishi aliyefika mahali ambapo hakuna wa kumsifu, hakuna hata maandishi ya kuonyesha, kumebaki mwendo wa mkono peke yake. Fundi wangu nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza alitumia wino gani.

Msanii Xu Bing naye alianzia mahali ambapo fundi yeyote wa Kiganjo angepatambua. Alizaliwa mwaka 1955, akalelewa Beijing, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni alipelekwa kijijini kama vijana wengine wa mjini. Huko aliandika mabango na kubuni herufi za gazeti la wanakijiji. Kwa maneno yetu, alikuwa fundi wa mabango. Alitumia mkono huohuo baadaye kutengeneza kazi ambayo mimi naiweka juu ya nyingi za karne iliyopita. Alibuni herufi takriban 4,000 zinazofanana kabisa na herufi za Kichina: zina mapigo halali, zina uzito sawa, zimekaa vizuri ndani ya mraba wake. Akazichonga moja moja kwenye mbao, kinyumenyume kama vile vioo vinavyogeuza sura, akazichapa kwa mtindo wa vitabu vya kale na kuzishona vitabu. Hakuna hata moja inayosomeka. Zilipoonyeshwa Beijing mwaka 1988, wasomi walizipitia wakitafuta japo neno moja wanalolijua. Halikuwapo.

Naomba msomaji asiione kama mzaha. Kuchonga herufi moja ya uongo vizuri hivyo kunadai ujuzi uleule wa kuchonga ya kweli, na yeye alizichonga kwa miaka. Mtu aliyelelewa katika nchi ambayo kuta zote zilijaa maneno makubwa ya serikali, maneno ambayo leo ni sheria na kesho ni hatia, alitoa jibu lake kwa kazi ya mkono. Baada ya damu ya waandamanaji iliyomwagika Beijing Juni 1989, wakosoaji wanaoipendelea serikali waliiandama kazi hiyo. Mwaka 1990 Xu Bing alihamia Marekani.

Kuna upande mwingine wa kunakili, ule wa kutafuta unga. Kijiji cha Dafen kiko Shenzhen, na mwaka 1989 mfanyabiashara kutoka Hong Kong, Huang Jiang, alifika hapo na wachoraji wachache kunakili michoro maarufu ya Ulaya kwa ajili ya kuuza ng'ambo. Walikuja kuwa maelfu. Mmoja wao, Zhao Xiaoyong, alitoka mashambani na kwa takriban miaka 20 yeye na jamaa zake wakachora kazi za Van Gogh kwa wingi usiohesabika. Filamu ya mwaka 2016 inamfuata akisafiri hadi Amsterdam kumwona Van Gogh mwenyewe kwa mara ya kwanza. Anazikuta nakala zake zikiuzwa katika kibanda cha zawadi kwa bei iliyo mbali mno na aliyolipwa, naye alidhani zinatundikwa katika majumba ya sanaa. Halafu anaingia makumbusho, anasimama mbele ya rangi ya kweli, anainama kuitazama kwa karibu. Aliyechora alizeti zile kwa miaka mingi anaona kwamba rangi haifanani na aliyoijua vitabuni. Uso wake pale ulinigusa kuliko hotuba yoyote juu ya uhalisi.

Afrika Mashariki tunaijua Dafen yetu. Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alichora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya mbao bapa jijini Dar es Salaam, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Jamaa na wanafunzi wachache waliokuwa naye waliendelea kwa mkono wake, wakafundisha wengine, na jina la mtu likageuka kuwa jina la mtindo. Wapo wanaowadharau wachoraji hao kwa kuwa chui wa leo anafanana na wa jana. Nami nasema tazama madoa ya chui. Anayejua kazi hupiga kila doa kwa mguso mmoja, wala harudii. Asiyejua utamwona anapapasa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu ndilo lililonifanya nianze kusoma haya yote. Venice huwa na maonyesho makubwa ya sanaa, Biennale, yaliyoanza mwaka 1895, ambako mataifa hupeleka wasanii kwa jina la nchi. Mwaka 2013 kulikuwa na banda la Kenya. Ndani yake Wakenya, akiwamo mzee wetu Kivuthi Mbuno, walikuwa wachache. Wengi walikuwa Wachina, pamoja na Waitaliano. Mwaka huohuo Angola ilipeleka picha za kijana wake Edson Chagas na kutwaa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Mwaka 2015 orodha ya banda la Kenya ikatoka tena, na tena ikawa imejaa Wachina, pamoja na Armando Tanzini, Mwitaliano wa Malindi, na Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, mzaliwa wa Kenya anayeishi Uswisi. Wasanii wa Nairobi walipaza sauti. Michael Soi, mwana wa mchoraji Ancent Soi, aliyekuwa tayari na mfululizo mrefu wa picha juu ya Uchina na Afrika, alichora aibu hiyo ya Venice kwa mistari yake minene na rangi zake bapa ambazo hazimfichi mtu. Hassan Wario, waziri wa utamaduni wa wakati huo, akalikana banda lile. Haya yalitokea huku Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, akiwa amealikwa katika maonyesho makuu ya Biennale hiyohiyo. Wasanii wenye damu ya Kenya walijulikana. Hawakuhitaji kutafutwa kwa tochi.

Sina neno baya juu ya wachoraji wale wa Kichina kama wachoraji. Feng Zhengjie, aliyekuwamo mwaka 2013, huchora nyuso za wanawake kwa wekundu na kijani kikali, macho yakitazama pande mbili; ni mkono wake na hakuna wa kumnyang'anya. Chen Wenling ana sanamu zake nyekundu za mtoto mkondefu. Kila kazi katika banda lile ilikuwa halisi, imetoka mikononi mwa mwenyewe, haikunakiliwa kokote. Na bado banda lilikuwa la kughushi, kwa sababu mlangoni paliandikwa Kenya. Zhao wa Dafen anauza nakala na kuiita nakala. Fundi wa Kiganjo anamnakili ng'ombe wa mwalimu wake na anakwambia ni wa mwalimu wake. Uongo hauko katika mkono unaofuata mstari wa mwingine. Uko kwenye bango la mlangoni, na ndiyo maana nawaheshimu sana waandishi wa mabango: wao huombwa kila siku kuandika jina juu ya mlango.

Mwaka 2017 Kenya ilikwenda Venice na watu wake, Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Richard Kimathi, Arlene Wandera na Mwangi Hutter, chini ya Jimmy Ogonga. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitambulisho kilichopotea.

Lakini mwaka ule wa 2013, katika mji uleule wa Venice, kulikuwa na kazi nyingine ya Mchina ambayo sitaki ifunikwe na hasira yetu. Katika kanisa la Sant'Antonin yaliwekwa masanduku sita ya chuma. Hayakuwa na mapambo. Mtu alichungulia kupitia tundu dogo, ndani akaona chumba: kitanda, meza, choo, kuta zilizofunikwa kwa sponji, na askari wawili waliosimama wakimtazama mtu mnene mwenye ndevu akila, akilala, akioga. Mtu huyo ni Ai Weiwei. Alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Beijing tarehe 3 Aprili 2011 akashikiliwa siku 81. Kosa lake halisi, kwa watu wengi waliofuatilia, lilikuwa kuuliza. Baada ya tetemeko la Sichuan la tarehe 12 Mei 2008 kuangusha madarasa, yeye na watu wa kujitolea walikusanya majina ya wanafunzi waliokufa, zaidi ya 5,000, moja baada ya jingine, wakayaandika ukutani.

Alipokuwa kizuizini hakuwa na kalamu wala simu ya kupigia picha. Alikariri. Alihesabu, akapima kwa macho, akaihifadhi kila pembe ya chumba kichwani kama mwanafunzi wa *lin* anavyoikariri dibaji ya Lanting, na alipotoka akakinakili chumba chote kwa nusu ya ukubwa wake. Hata mikunjo ya shuka imo. Mwenyewe hakuweza kwenda Venice. Pasipoti yake ilikuwa imezuiwa na hakurudishiwa hadi Julai 2015. Nakala ndiyo iliyosafiri. Serikali iliyomfungia ndani ya siri haikuwa na njia ya kuizuia kumbukumbu ya mtu anayejua kunakili vizuri. Nikiulizwa ni nakala gani ya zama zetu iliyo halisi kuliko vitu vingi vya asili, nitaitaja hiyo.

Sisi wa upande huu tusiyatazame hayo kana kwamba yanatokea sayari nyingine. Gereza la Kamiti haliko mbali na barabara hii yetu ya Thika. Humo, mwaka 1978, Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefungwa bila kufikishwa mahakamani aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi ya chooni. Na si ya zamani tu. Desemba 2024, kijana anayejulikana kama Kibet Bull, aliyetengeneza picha za vivuli za kumkejeli rais, alitekwa na watu ambao hawakujitambulisha, akaachiliwa Januari 2025. Kosa lake lilikuwa kivuli cheusi juu ya weupe. Miaka miwili kabla, Novemba 2022, vijana wa Shanghai na Beijing walisimama barabarani wakiwa wameinua karatasi tupu, hazina neno lolote, na kila aliyeziona alizisoma. Naweka mambo hayo mawili pamoja kwa sababu mkono unaochora na mkono unaoshika karatasi tupu inaogopwa na watu wa namna moja.

Jua limeanza kushuka. NYAMA CHOMA imekauka upande wa juu, O imekaa kama yai, na mwanafunzi amepewa kazi ya kujaza mabaka ya ng'ombe. Mwenye bucha ametoka na kisu mkononi, ametazama, ameuliza kama kwato ile ya mbele haiwezi kushushwa chini. Fundi ametikisa kichwa tu.

Nimevuka njia. Nilikuwa nimemwahidi kwamba leo nitamweleza maana ya ile herufi, maana kwa miaka yote hiyo aliibeba bila kuijua.

"Polepole," nikamwambia. "Ni alama ya kuwaambia madereva waende polepole. Na huu upande wa kushoto, wa nukta mbili, ni moyo."

Akaniangalia kuona kama nasema kweli. Kisha akachukua brashi aliyokwisha kuisafisha, akaichovya ndani ya kopo la tapentaini, akageukia kipande cha bati kilichoegemea ukuta, kile ambacho mwanafunzi hufanyia mazoezi ya S. Nukta ya kushoto. Nukta ya kulia. Mstari. Akaendelea na mapigo mengine 11 bila kusita, mwendo ukitoka begani, miaka zaidi ya 10 tangu msimamizi yule amshike mkono. Herufi ilimetameta kwenye bati, ikaanza kukauka kutokea juu. Kabla haijatoweka, mwanafunzi aliacha ng'ombe, akaja, akachuchumaa mbele yake.

"Hii inaanzia wapi?" akauliza.

Fundi akampa brashi.